Somo: Bia imeharibika, au hamira iko kazini?

Ndoo yangu ya kwanza ya bia ya kupika nyumbani, lita 20 nzima, niliimwaga siku ya nne. Povu la kahawia lilikuwa limegandia kwenye kuta kama tope, harufu ya yai viza, nikasema hii imeoza. Ya pili ikaja vilevile, lakini nilibanwa na safari nikaiacha wiki mbili. Nilirudi nikakuta bia safi kabisa. Kwa hiyo somo hili ni la yule aliyesimama sasa hivi mbele ya ndoo, mkono kwenye mfuniko.

Hatua ya 1: Toa huo mkono. Juu ya bia kuna kaboni dioksaidi inayoikinga. Kila ukifungua unaingiza hewa, na bakteria wa siki wanaitaka hewa hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Tazama, ikiwezekana bila kufungua. Povu zito lenye madoa ya kahawia ni hamira, protini na mabaki ya hopsi, yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia. Vijibonge vya rangi ya maziwa vinavyoelea ni hamira pia, na tope la chini ni mashapo ya kawaida. Yote hayo yanatisha kwa sura tu. Kinachostahili hofu ni utando mweupe, mkavu, uliokunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, wenye mapovu makubwa yaliyonasa chini yake: hapo kuna hamira pori au bakteria. Ukungu hauna utata. Una manyoya, una kijani au weusi, na huanza kwa viduara. Ukiuona, mwaga.

Hatua ya 3: Nusa sampuli, usiinamie ndoo, gesi itakuchoma pua. Yai viza hutoka sana kwa hamira za laga, bia inayochachushwa kwenye baridi, na huisha yenyewe. Tufaha bichi maana yake bia bado changa. Siagi mara nyingi ni hivyo hivyo, iongezee siku chache. Siki kali ndiyo habari mbaya.

Hatua ya 4: Pima kwa haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha uzito wa bia ukilinganisha na maji (1.000); hamira ikila sukari, namba hushuka. Kama ulianza 1.050, kuishia karibu na 1.012 ni kawaida. Namba ikibaki ileile kwa siku tatu, imemaliza. Ikiendelea kushuka polepole wiki baada ya wiki, usiitie kwenye chupa, zitapasuka. Sampuli usiirudishe ndooni; inywe.

Hatua ya 5: Ndiyo, inywe. Bia changa haina gesi na ina ukali kidogo, usiihukumu kwa hilo. Asidi, kileo na hopsi huwanyima vijidudu vya maradhi nafasi, hivyo bia iliyokwisha kuchacha ikiharibika kwa kawaida hukera ulimi tu.

Maswali ya wanachama

Swali: Kizibo cha maji, kile cha kwenye mfuniko kinachotoa gesi bila kuingiza hewa, hakitoi mapovu tangu jana. Imekufa?
Jibu: Mara nyingi gesi inapita pembeni mwa mfuniko usiobana. Au imemaliza. Haidromita ndiyo itakayosema, kizibo hakijui kitu.

Swali: Mkuu, nilikoroga kwa kijiko ambacho sikukitia dawa ya kuua vijidudu.
Jibu: Lini? Saa za mwanzo, kabla hamira haijashika, ndizo za hatari. Kama povu lilikuwa limeshapanda, hamira ilikuwa imeshawahi chakula. Subiri tu.

Swali: Yangu imegeuka siki kweli. Ndoo niitumie tena?
Jibu: Plastiki iliyochubuka huficha bakteria kwenye mikwaruzo, mimi ningeistaafisha kwa kufulia. Mpira na bomba la kutolea, badilisha. Kumbuka kuosha kwanza ndipo utie dawa. Dawa haiui kilichojificha chini ya uchafu. Na dawa ya klorini usiichanganye na siki kamwe, hutoa gesi ya sumu.

Swali: Nina ule utando wa ngozi ya maziwa, lakini ladha si mbaya.
Jibu: Basi usimwage. Ubelgiji wapo wanaoachia vijidudu vya hewani makusudi na kutengeneza lambic, bia yao yenye ukali wa asidi. Yako haitakuwa hiyo, ila ukali mzuri unaweza kutokea. Ipe muda.

Swali: Leo siku ya pili, sioni hata povu.
Jibu: Hamira huweza kukawia hadi saa 72. Zikipita na namba haijashuka, tia hamira mpya. Umefungua mfuniko mara ngapi?

Swali: Sita.
Jibu: Rudi hatua ya 1, mkuu.