Kumpiga mtu picha kwa mwanga wa dirisha katika nyumba ya chumba kimoja Nairobi

Mimi huwapiga watu picha majumbani kwao, hapa Umoja, Kayole, Donholm na upande wa Pipeline. Wateja wangu ni mama mboga anayetaka picha ya mtoto aliyemaliza shule, kijana anayetafuta kazi, nyanya ambaye wajukuu wako Qatar na kila wiki wanaulizia picha yake. Sina studio wala taa. Natumia dirisha la mteja, na nataka kukueleza ninavyolitumia, kwa sababu naona vijana wengi wakikopa pesa za kununua taa kabla hawajalitazama vizuri dirisha la nyumba wanayolipia kodi.

Anza bila kamera. Jua kwanza mashariki iko wapi. Nairobi jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, mwaka mzima, likipishana robo saa hivi mbele au nyuma. Tena hupanda kwa kasi, karibu nyuzi 15 kila saa. Dirisha la mashariki ambalo saa mbili lilikuwa linamwaga jua hadi kitandani, ikifika saa nne lile jua limerudi chini ya dirisha, na chumba kimebaki na mwanga mtulivu unaotoka angani. Hiyo ndiyo saa ninayoipenda. Dirisha la magharibi lifanyie kazi mapema, kabla ya saa saba, maana alasiri jua litakuwa linakutazama machoni.

Kaskazini na kusini ndiko mafunzo ya Ulaya yanakowapoteza watu. Huko wachoraji walitafuta chumba chenye dirisha la kaskazini kwa sababu jua lao la mchana hukaa kusini, hivyo mwanga wa kaskazini haubadiliki sana tangu asubuhi hadi jioni. Sisi tuko kusini ya ikweta kwa digrii moja na kidogo tu. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua letu la mchana liko kaskazini, halafu linahamia kusini mpaka Machi tena. Kwa hiyo Juni na Julai tafuta dirisha la kusini, Desemba na Januari tafuta la kaskazini. Na Julai yenyewe, na ile baridi yake, usiilalamikie. Mawingu yale ya asubuhi yanalainisha mwanga hata kwenye dirisha lisilo na pazia, na vyuma vya grili haviachi mistari kwenye uso wa mtu.

Lakini wengi wetu dirisha halioni anga, linaona ukuta wa ploti nyingine, karibu kiasi cha kupokezana chumvi. Hata hapo usikate tamaa. Jua likiupiga ukuta huo, ukuta ndio unaogeuka kuwa taa yako. Ukiwa mweupe au wa saruji tupu, umebarikiwa. Ukiwa umepakwa rangi ya tangazo, kijani au nyekundu, rangi hiyo itaingia ndani na kukaa shavuni mwa mteja, na hakuna programu itakayoiondoa vizuri. Hapo fungua mlango. Mlango ulio wazi unaotazama korido yenye mwanga ni dirisha refu, na picha zangu kadhaa nzuri za Pipeline nilizipiga mtu amekaa kwenye stuli hatua moja ndani ya mlango, nami nimejibana ubavuni mwa fremu. Kama hata korido ni giza, pandeni juu kwenye kamba za nguo, mkae kivulini mwa tangi la maji.

Ukishalijua dirisha, liandae. Futa vumbi la kioo. Zima balbu, hata kama mwenye nyumba anaona chumba kimekuwa na giza, kwa sababu nyingi zina mwanga wa manjano na ule wa dirishani unaelekea bluu; zikichanganyika ngozi inaonekana mgonjwa. Jua likiingia moja kwa moja, shusha lile pazia jepesi jeupe, shia, na liache lining'inie lote. Kama hakuna shia, shuka jeupe la kitanda linatosha.

Sasa mketishe mtu, na hapa usiwe na haraka. Watu wengi humsimamisha mteja dirisha likiwa nyuma yake, halafu wanashangaa uso umekuwa mweusi tii. Mketishe dirisha likiwa ubavuni mwake, kisha mwombe ageuze kichwa kidogo kuelekea mwangani hadi shavu la mbali, lile la kivulini, lipate alama ndogo ya mwanga chini ya jicho. Ukiiona alama hiyo, simama hapo hapo. Umbali nao una kazi yake. Mtu akiwa hatua moja kutoka dirishani, dirisha ni kubwa ukilinganisha na uso wake, kwa hiyo mwanga unamzunguka na vivuli vinakuwa laini. Tena ukuta wa nyuma unaingia gizani, na zile sufuria, mtungi wa gesi na rundo la nguo havionekani. Msogeze hatua tatu ndani na mambo yanageuka: mwanga umepungua, vivuli vimekakamaa, na vyombo vyote vimeingia kwenye picha.

Ngozi yetu inataka neno lake. Kwa miaka mingi filamu za rangi zilirekebishwa kwa ngozi nyeupe, na kadi ambazo maabara zilitumia kupimia rangi zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu. Athari yake ni kwamba tulizoea kudhani mtu mweusi anahitaji mwanga mwingi wa kummulika usoni. Flashi ya simu inaupiga uso kutoka mbele, inaufanya bapa na kuacha doa jeupe kwenye paji. Ngozi nyeusi hupendeza kwa mwanga mpana unaotoka upande, kwa sababu unateleza juu yake na kuonyesha umbo la shavu, taya na shingo. Mwambie mteja asijipake poda nyingi. Mafuta kidogo tu, yale anayojipaka kila asubuhi, yanatosha.

Upande wa kivuli ukizidi giza, shikilia karatasi nyeupe ya manila, ile ya shilingi chache dukani, upande wa pili wa uso, nje ya picha. Isogeze karibu hadi uone kivuli kinafunguka. Mtoto wa nyumba anaweza kuishika, na atafurahi kupewa kazi.

Kwenye simu, gusa uso wa mtu kwenye skrini na ushikilie kidole hadi kipimo cha mwanga kijifunge, kisha telezesha chini upunguze mwanga kidogo. Simu ikiona chumba chenye giza hujaribu kukigeuza mchana, usiiruhusu. Egemeza viwiko kwenye meza au ukutani, na umwombe mtu atulie.

Hayo yote ni maandalizi. Kazi yenyewe ni macho ya yule aliyeketi. Ukimwambia mtu atabasamu atakupa uso wa kitambulisho. Mimi humwambia atazame nje, halafu namwuliza maswali ya kweli kuhusu dirisha lake: nani ameanika leo, yule mwenye gari jeupe amehamia lini, usiku unasikia nini. Nyanya mmoja wa Kayole alikuwa amekakamaa, mikono magotini. Nilipomwuliza anatazama nini kila asubuhi, akasema anahesabu watoto wa shule wanaopita, ajue wa jirani amepona. Midomo ikalegea, macho yakaanza kumtafuta mtoto huyo barabarani, nami nikabonyeza. Wajukuu wake walisema hiyo ndiyo sura wanayoikumbuka. Mtu anaweza kukaa ndani siku nzima kwa ajili ya miguu au kwa kukosa nauli, na bado ana mtaa mzima anaoufuatilia kutoka pale. Mwulize kuuhusu.

Ukitaka kujizoeza bila mteja, piga dirisha lenyewe. Una wakubwa wa kuwafuata. Picha ya zamani zaidi ya kamera ambayo ipo hadi leo, ya Nicéphore Niépce, mnamo 1826 au 1827, ni ya mapaa aliyoyaona kutoka dirisha la nyumba yake Ufaransa, na ilimchukua saa nyingi za jua. Mwaka 1835 huko Uingereza, William Henry Fox Talbot naye alielekeza kamera yake ndogo kwenye dirisha la nyumba yake, na negativu hiyo, yaani picha ambayo penye mwanga panaonekana giza na penye giza panaonekana mwanga, bado imehifadhiwa. Wewe simama mahali pamoja, piga saa moja asubuhi, saa nne, saa saba na saa kumi na moja, wiki nzima. Zipange picha kwa saa na utaona chumba chako kinafaa kazi gani wakati gani.

Ila ukielekeza kamera nje, kumbuka kwamba na jirani ana dirisha. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na picha inayomtambulisha mtu ni data yake. Hata bila sheria, aliyetoka kuoga hajakualika. Kama ameingia kwenye picha na unaipenda, vuka ngazi, bisha hodi, mwonyeshe. Akikataa, ifute akiwa anaona.