Jinsi ya kuchagua faiba na mirija ya mwanga kwa kazi za kiwandani

Fundi anayekwenda kununua faiba, yaani uzi mwembamba wa kioo au plastiki unaopitisha mwanga, kwa ajili ya kiwanda huulizwa kwanza anataka mita ngapi, ilhali yapo maswali mawili yanayopaswa kutangulia. La kwanza ni kama mwanga utakaopita humo utabeba taarifa, au utatumika kumulika na kutambua vitu tu. La pili ni hali ya mahali penyewe: joto, mafuta, mtikisiko na mikunjo. Nimeona fedha nyingi zikipotea kwa sababu swali la pili liliulizwa baada ya mashine kusimama.

Faiba yoyote ina kiini na ganda linalokizunguka. Kwa kuwa kiini hupinda mwanga zaidi kuliko ganda, miale inayoingia karibu na mhimili hugonga mpaka wa viwili hivyo na kurudishwa ndani, mpaka itokee upande wa pili. Faiba hutofautiana hasa kwa upana wa kiini na kwa kitu kilichotengenezea kiini hicho.

Kwa taarifa za masafa marefu, mathalani kutoka jengo la mitambo hadi chumba cha udhibiti kilicho umbali wa kilomita kadhaa, chagua faiba ya kioo ya modi moja, yaani ile ambayo mwanga hupita humo kwa njia moja tu. Kiini chake kina upana wa takriban maikromita 9 ndani ya ganda la maikromita 125, na mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550 hupungua kwa takriban desibeli 0.2 tu (desibeli ni kipimo cha upungufu wa nguvu ya mwanga) kwa kila kilomita. Ndani ya jengo moja, faiba ya modi nyingi, ambayo mwanga hupita humo kwa njia nyingi kwa pamoja, yenye kiini cha maikromita 50 inatosha: aina ya OM3 hupitisha gigabiti 10 kwa sekunde hadi mita 300. Usiunganishe kebo ya maikromita 62.5 iliyokuwapo zamani na mpya ya 50, kwani mwanga unaotoka kwenye kiini kipana hauwezi kuingia wote kwenye kiini chembamba. Rangi ya koti, yaani gamba la nje la kebo, husaidia, kwa maana modi moja kwa kawaida huwa ya njano na modi nyingi za zamani huwa za rangi ya chungwa, lakini uamuzi ufanyike kwa kusoma maandishi yaliyopigwa kwenye koti.

Kati ya mashine na kabati lake la umeme, faiba ya plastiki yenye unene wa milimita 1 hufanya kazi vizuri kwa mwanga mwekundu wa nanomita 650. Udhaifu wake ni umbali. Ikiwa inapoteza desibeli 180 kwa kilomita, basi katika mita 50 hupoteza desibeli 9, na kwa kuwa kila desibeli 3 hupunguza mwanga kwa nusu, kinachofika ni sehemu moja ya nane. Panapohitajika mita mia kadhaa, ipo faiba ya kiini cha kioo cha maikromita 200 na ganda la plastiki. Zote hizi hazisumbuliwi na kelele za umeme zinazotoka kwenye mota kubwa na vidhibiti vyake vya kasi, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuziacha nyaya za shaba. Angalia tu kwamba kebo iliyoimarishwa kwa chuma bado hupitisha umeme, kwa hiyo chuma hicho lazima kiunganishwe na ardhi.

Mirija ya mwanga ni habari nyingine, na hapo ndipo makosa mengi hufanyika. Haibebi taarifa, hupeleka mwanga kutoka kwenye taa au kihisi hadi mahali ambapo kifaa chenyewe hakiwezi kukaa. Katika kiwanda kimoja cha mikate niliitwa kwa sababu kihisi cha mdomo wa tanuri kilikuwa hakioni trei tena. Kihisi kilikuwa kizima. Ncha ya faiba ya plastiki ndiyo iliyokuwa imegeuka manjano na kuvimba, kwani plastiki ya kawaida hukusudiwa joto lisilozidi nyuzijoto 70 hivi za Selsiasi. Tuliweka fungu la nyuzi za kioo ndani ya mrija wa chuma kisichoshika kutu, la aina iliyotengenezwa kwa joto linalozidi nyuzijoto 200, na trei zikaonekana. Hata hivyo, kioo hakipendi kukunjwa mara kwa mara. Kwenye mkono wa mashine unaokwenda na kurudi kutwa nzima, plastiki laini hudumu zaidi.

Kwa kukausha gundi kwa mwanga wa urujuanimno, tumia mrija wa kwatzi au ule uliojazwa kimiminika maalumu, maana plastiki na kioo cha kawaida hunyonya sehemu kubwa ya mwanga huo. Kwa upande wa leza za kukatia chuma, leza ya faiba ya takriban nanomita 1070 hupita vizuri katika kioo cha silika, lakini ya kaboni dioksidi, yenye maikromita 10.6, haipiti kabisa, ndiyo maana huelekezwa kwa vioo vya kuakisi.

Wakati wa kufunga, kata faiba ya plastiki kwa wembe mpya, kwa mkato mmoja wa pembe mraba, na usirudie tundu lililokwisha kutumika kwenye kikatio (kifaa chenye matundu ya kupitishia faiba inapokatwa), kwa sababu ncha iliyochanwa hutawanya mwanga. Kebo iliyokwisha kulazwa isikunjwe kwa nusu kipenyo kilicho chini ya mara 10 ya unene wake, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu. Ncha za kioo zifutwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na alikoholi safi, kisha zikaguliwe kwa hadubini taa inayolisha faiba ikiwa imezimwa. Usichungulie ndani ya faiba inayofanya kazi, kwani mwanga wa mawasiliano mara nyingi hauonekani na unaweza kuumiza jicho. Vipande vya kioo vilivyokatwa viwekwe kwenye chombo chenye kifuniko.

Siku hiyohiyo ya kufunga, pima mwanga unaofika na uandike kipimo hicho ndani ya mlango wa kabati pamoja na tarehe, ili fundi wa zamu atakapoitwa usiku aweze kulinganisha.