Namna ya kuutambua upanga wa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza

Panga nyingi za maofisa wa jeshi la majini la Uingereza zinazofika minadani ni za muundo wa mwaka 1827. Muundo huo unatumika hadi leo, kwa hiyo kichwa cha simba mwishoni mwa mpini hakikwambii umri wa upanga. Anza na bapa.

Uchomoe, uutazame mgongo. Za mwanzo zina mgongo wa mviringo, mithili ya ufito uliounganishwa na bapa. Mwaka 1846 ukaja mgongo wa kawaida, na mfereji mpana kila upande. Mpaka huo si mkali, maana maofisa walijinunulia panga wenyewe, na wengine waliendelea na za zamani.

Kisha tazama taji lililo juu ya nanga kwenye kikingio cha mkono. Likiwa limeumuka bila kubonyea katikati, ni la 1901 hadi 1952, au la enzi ya Charles III iliyoanza 2022. Likibonyea, ni la enzi ya Victoria au la Elizabeth II, kuanzia 1953. Hapo tafuta VR (Malkia Victoria) au EIIR (Malkia Elizabeth II) kwenye bapa, ingawa si kila upanga una herufi hizo. Ukikuta jina la Wilkinson, kiwanda cha panga cha Uingereza, kagua mgongo karibu na mpini: namba ikiwepo, daftari za kiwanda huonyesha mwaka.

Mpini wa ofisa kamili hufunikwa ngozi nyeupe ya samaki, papa au taa, na kuzungushiwa waya wa rangi ya dhahabu. Upande wa ndani wa kikingio kuna kipande chenye bawaba na tundu, ambalo huingia kwenye kishikizo cha ala. Visipokutana, huenda ala ni ya upanga mwingine, bei ishuke.

Nakala za kisasa hujifichua kwenye manyoya ya simba: yamefifia, hayana mistari mikali. Sumaku ikinasa kikingio, hicho ni chuma kilichopakwa rangi, si shaba.

Msasa ni mwiko. Michoro ya bapa imechimbwa kwa tindikali, kina chake ni kidogo mno, na ikishafutika hairudi. Dawa ya kung'arishia shaba nayo hula dhahabu ya mpini. Kutu nyepesi ipake mafuta ya cherehani, uiache usiku kucha, uifute kwa kitambaa laini. Upanga na ala ya ngozi viweke mbalimbali: ngozi hunyonya unyevu, na bapa hutoboka vishimo humo ndani bila wewe kuona.