Kuchagua chombo cha kupikia kwa anayetumia mbabula

Wiki iliyopita nilimsindikiza mpwa wangu katika soko la komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, kununua vyombo vya nyumba yake mpya. Maswali yake ndiyo yaliyonifanya niandike mwongozo huu, unaomhusu hasa mtu anayepika kwa makala, kwa kuwa mbabula, yaani jiko la makala, haina kitufe cha kupunguza moto.

Hatua ya 1: Pima kwa sumaku

Ikinata, chombo ni cha chuma. Isiponata na chombo ni chepesi, ni alumini.

Hatua ya 2: Sufuria

Alumini inatosha kwa bukari (ugali), na weusi unaotokea ndani baada ya kuchemsha maji hauna madhara. Mchuzi wa nyanya usilale humo, kwani uchachu hula alumini. Sufuria zilizosubuliwa kwa vyuma chakavu usizinunue kabisa: uchunguzi uliofanywa Kameruni na kuchapishwa mwaka 2014 ulizikuta zikitoa madini ya risasi.

Hatua ya 3: Kikaango cha Teflon

Hapa ndipo nilipoumia. Mpwa wangu aliinua kikaango chenye utando mweusi akasema, "Mjomba, hiki yai halishiki." Ni kweli, na hata kipande cha utando huo kikimezwa hupita tumboni bila kusagika, cha kuogopwa ni joto. Kuanzia nyuzi 260 za Selsiasi utando huanza kuharibika, na ukipita 350 hutoa moshi wa sumu unaoweza kuua ndege wa kufugwa, kwa hiyo mwenye kasuku nyumbani asiuingize jikoni. Kikaango kitupu juu ya makala yaliyokolea hupata joto hilo kwa dakika chache. Mimi niliwahi kuacha changu kitupu motoni nikaenda kumenya vitunguu. Niliporudi harufu kali ilikuwa imejaa, nami nikaendelea kupika. Usiku nikashikwa na baridi, homa na kikohozi, nikaamini ni malaria, nikapoteza siku nzima katika kituo cha afya hadi kipimo kilipoonyesha kwamba sina; ni moshi ule ulioniumiza.

Ikiwa tayari unacho, subiri makala yafunikwe na majivu, tia mafuta kabla ya kukipandisha, na mafuta yakianza kufuka kiepue papo hapo. Kijiko kiwe cha mti. Maandishi ya "bila PFOA" yasikudanganye: kemikali hiyo ilitumika kiwandani kutengeneza utando, na viwanda vikubwa vya Marekani viliiacha kufikia mwaka 2015, lakini utando wenyewe ukiungua bado hutoa moshi wa sumu.

Hatua ya 4: Kikaango cha chuma

Hiki ndicho ninachokitaka kwa yai na samaki. Kioshe, kikaushe motoni, kipake mafuta ya alizeti, kisha uyafute kwa kitambaa hadi kidole kisiteleze, kwa sababu yakizidi hugeuka ulimbo. Kiache motoni hadi moshi uishe, nawe urudie mara tatu. Mpwa wangu alikaanga tilapia mara mbili, ngozi ikabaki chini. Mara ya tatu iliachia yenyewe.