Vyakula visivyopikwa na siku ya juisi: mwongozo wa wiki moja

Watu wengi huanza juisi kwa sababu wameambiwa inatoa sumu mwilini. Haitoi. Kazi hiyo hufanywa na ini na figo usiku na mchana, na hakuna mchanganyiko wa karoti na tangawizi unaoviongezea kasi. Hata kilo moja au mbili zinazopungua siku za mwanzo ni maji kwa sehemu kubwa. Ini na misuli huhifadhi wanga uitwao glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni hukaa na gramu tatu hivi za maji. Wanga huo ukitumika, maji huondoka nao. Ukirudia ugali na wali, nayo yanarudi.

Faida ipo, ila ipo kwingine. Wiki ya mboga na matunda kwa wingi huondoa mezani soda, maandazi na chipsi. Hukupa nyuzinyuzi na potasiamu ambazo wengi wetu tunazipata kidogo, na ulimi huanza kuzoea chakula chenye chumvi na sukari kidogo. Ndiyo maana mpango huu una siku sita za vyakula visivyopikwa kuanzia asubuhi hadi alasiri (isipokuwa siku ya tano, ya kutoka kwenye juisi), mlo mmoja uliopikwa jioni, na siku moja tu ya juisi katikati.

Mlo wa jioni tumeubakiza kwa makusudi. Watafiti wa Giessen, Ujerumani, waliwafuatilia watu walioishi kwa vyakula vibichi kwa muda mrefu. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999, karibu theluthi moja ya wanawake wa chini ya miaka 45 walikuwa wamevurugikiwa na hedhi au imekatika kabisa. Mwaka 2005 walieleza kwamba kolesteroli mbaya ilikuwa chini, jambo zuri, lakini wengi walipungukiwa na vitamini B12. Moto nao una kazi yake: karoti na nyanya zilizopikwa kwa mafuta kidogo hutoa karotini na laikopini, virutubisho vinavyozipa rangi, kwa urahisi kuliko zikiwa mbichi. Kinachopungua jikoni ni vitamini C hasa, na hiyo utaipata tele kwenye mapera, machungwa na hoho za mchana.

Wasiojaribu

Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, wenye ugonjwa wa figo na waliowahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula waiache siku ya juisi kabisa. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi anaweza kushukiwa na sukari hadi kuzimia, kwa hiyo asiguse mpango huu kabla ya kuongea na daktari wake. Anayemeza warfarini asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani, maana vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa. Juisi ya balungi nayo hupandisha kiwango cha baadhi ya dawa za kolesteroli na presha kwenye damu. Mwenye kinga dhaifu ale mboga zilizopikwa. Na mtu yeyote asiache dawa zake, ziwe za presha, kifua kikuu au ARV, eti kwa kuwa "anasafisha mwili".

Kuosha ndiko kwenye kazi

Chakula kisichopikwa hakina moto wa kuua vijidudu, na mboga zetu nyingi hulimwa mabondeni kwa maji tusiyoyajua. Kipindupindu, homa ya matumbo, amiba na minyoo vyote hupita hapo. Fuata mpangilio huu bila kuruka hatua.

1. Nawa mikono kwa sabuni. Ondoa majani ya nje ya kabichi na sehemu zilizooza.
2. Osha moja moja chini ya maji yanayotiririka huku ukisugua kwa vidole, au kwa brashi laini kama ni karoti, tango na bitiruti. Mayai ya minyoo hayafi kwa klorini. Yanaondoka kwa kusuguliwa tu.
3. Loweka dakika 10 hadi 15 kwenye maji yenye klorini. Ukitumia dawa ya kufanyia weupe nguo isiyo na manukato wala sabuni, yenye klorini asilimia 3.5, weka kijiko kimoja cha chai kwenye lita 3 za maji. Ikiwa ni asilimia 5, kijiko hicho kitoshe lita 4 hadi 5. Usichanganye na siki wala ndimu, kwa sababu hutoka gesi inayochoma mapafu.
4. Suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha kausha kwa kitambaa safi.

Chumvi na siki huangusha mchanga na wadudu wa majani, lakini usizitegemee kuua vijidudu vya kipindupindu. Tikiti, nanasi na papai huoshwa kabla ya kukatwa, ingawa ganda haliliwi, kwa kuwa kisu hubeba uchafu wa nje na kuuingiza ndani. Na barafu itoke kwenye maji yaliyochemshwa. Wengi huosha matunda vizuri sana, kisha wanaiharibu juisi kwa barafu ya dukani.

Visivyoliwa vibichi hata siku moja

Mhogo na kisamvu vina kemikali zinazotoa sayanidi. Kisamvu hutwangwa na kuchemshwa muda mrefu kwa sababu hiyo, wala si cha kutia kwenye blenda. Maharage mekundu yana sumu inayotapisha vibaya hata ukila machache: yaloweke angalau saa 5, mwaga maji, kisha yachemke kwa nguvu dakika 30 bila kupungua na uendelee hadi yaive. Magimbi huwasha koo. Viazi mviringo vyenye rangi ya kijani vitupwe. Maziwa yasiyochemshwa hubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na kuyaita "asilia" hakubadilishi hilo.

Mbilimbi inataka neno lake, maana pwani tunayo uani. Ndani ya achari au kwenye mchuzi, chache hazina neno. Juisi yake iliyokolea ni jambo jingine. Huko Kerala, India, madaktari wameripoti watu ambao figo zao zilifeli ghafla baada ya kuinywa kama dawa ya kolesteroli, kutokana na asidi ya oksaliki iliyomo. Mchicha, spinachi na bitiruti zina asidi hiyohiyo, kwa hiyo usizifanye msingi wa juisi ya kila siku. Tumia sukuma wiki, ambayo inayo kidogo sana.

Mumunye au tango likiwa chungu, tema na utupe lote. Uchungu huo ni sumu, na juisi ya mumunye chungu imewahi kuwatapisha watu damu.

Korosho zinazouzwa kama mbichi zimeshapitia moto au mvuke, kwa kuwa ganda lina mafuta yanayobabua ngozi. Zile za kuchuma kwenye mkorosho usizibangue mwenyewe. Karanga zilizosinyaa, zenye ukungu au rangi iliyogeuka zitupwe, kwani zinaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuoshwa wala kwa kuloweka.

Siku sita za kula

Siku tatu kabla ya kuanza, punguza chai na kahawa kidogo kidogo. Maumivu ya kichwa ya siku ya kwanza mara nyingi husababishwa na kukosa kafeini. Anayekwambia ni "sumu zinatoka" anakukosesha nafasi ya kuelewa mwili wako.

Asubuhi kula nusu papai la wastani, ndizi moja iliyoiva na vijiko viwili vya chakula vya ufuta au karanga. Saa kumi alasiri, tunda moja na dafu pamoja na nyama yake. Jioni, chakula kilichopikwa: kikombe cha maharage, au mayai mawili, au kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja, pamoja na kiazi kitamu au ugali kidogo na mchicha wa nyanya. Hapo ndipo protini yako ilipo. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 48 hivi kwa siku, na matunda hayawezi kumfikisha huko.

Mchana ni kachumbari, tena ile ya bakuli kubwa. Kwa mtu mmoja: kabichi iliyokatwa nyembamba vikombe viwili, nyanya mbili, tango moja, karoti moja iliyoparwa, nusu hoho, nusu kitunguu, nusu parachichi na gramu 30 za korosho, ambazo ni kama kiganja kimoja. Ponda kabichi kwa vidole pamoja na chumvi, robo kijiko cha chai, kwa dakika mbili, uiache dakika kumi. Utaona inalegea na kung'aa, na haitakuchosha taya. Kitunguu kiloweke peke yake kwenye maji ya chumvi, ukamue, kupunguza ukali. Nyanya na tango ziingie mwisho, ndimu na giligilani vifuate, na uile papo hapo. Ukitia chumvi kwenye nyanya saa moja mapema, utakuta bakuli la maji. Usiliache parachichi wala korosho kwa hofu ya mafuta, maana bila mafuta mwili hufyonza karotini kidogo mno, na bila hizo saa tisa utakuwa unatafuta maandazi.

Ukipenda choroko zilizoota, loweka nusu kikombe kwa saa 8 hadi 12, mwaga maji, ziweke kwenye chupa ya mdomo mpana iliyofunikwa kitambaa, suuza mara tatu kwa siku. Baada ya siku mbili au tatu zina mikia ya sentimita moja au mbili. Joto na unyevu unaoziotesha ndio huohuo unaokuza bakteria. Mwaka 2011 Ujerumani ilipata mlipuko wa E. koli uliohusishwa na mbegu za uwatu zilizooteshwa, na zaidi ya watu 50 walikufa. Kwa hiyo zichemshe dakika mbili tatu kabla ya kula. Bado zitatafunika vizuri.

Siku ya juisi

Iweke siku ya nne, na iwe siku ambayo huna kazi nzito, safari ndefu ya kuendesha gari wala mazoezi makali. Siku moja inatosha. Zaidi ya tatu hatuzishauri kwa mtu yeyote, maana lita mbili za juisi hazina protini ya kutosha na misuli huanza kuliwa.

Kanuni ya kipimo ni sehemu tatu za mboga kwa sehemu moja ya tunda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linahesabu sukari ya juisi pamoja na ile ya kuongeza kwenye chai, na linataka isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 hivi. Lita mbili za juisi ya machungwa matupu zina zaidi ya gramu 150.

Tengeneza vikombe sita vya mililita 300, unywe kimoja kila saa mbili au tatu:

- Ya kijani, mara mbili: matango mawili, majani matatu ya sukuma wiki bila vikonyo, nanasi gramu 150, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, ndimu moja.
- Ya karoti, mara mbili: karoti nne, chungwa moja lililomenywa, tangawizi. Kula korosho chache pamoja nayo.
- Ya tikiti, mara moja: gramu 400 za nyama ya tikiti, mnanaa, ndimu, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Usichuje.
- Ya parachichi, jioni: nusu parachichi, tango moja, ndimu, maji. Nzito, ya kulalia.

Kwenye blenda, kata vipande vya sentimita mbili, anza na vigumu pamoja na mililita 150 za maji baridi yaliyochemshwa, saga sekunde 40 hadi 60. Ukisaga dakika nyingi, juisi hupata moto, povu hujaa na ladha hugeuka. Ganda jeupe la chungwa na mbegu za ndimu huleta uchungu. Chuja kwa chujio la matundu makubwa, au usichuje kabisa kama tumbo linavumilia, kwani makapi ndiyo nyuzinyuzi. Kitambaa cha kuchujia kichemshwe kila mara.

Juisi isikae nje zaidi ya saa moja kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa. Kwenye friji la nyuzi 4, mwisho saa 24. Ya karoti haina uchachu wa kuzuia vijidudu. Mwaka 2006 juisi ya karoti ya dukani ambayo haikuwekwa kwenye baridi iliwapoozesha watu Marekani kwa sumu ya botulini. Umeme ukikatika usiku kucha, mwaga.

Kunywa pia maji lita moja na nusu. Usiongeze sanamaki wala haluli "kumalizia". Vitu hivyo humwaga maji na potasiamu, na moyo unaweza kwenda mbio.

Mambo yakiharibika

Mkojo au choo chekundu baada ya bitiruti ni rangi tu. Gesi na tumbo kujaa hutokana na nyuzinyuzi zilizoongezwa ghafla, basi punguza kabichi nusu kwa siku mbili. Choo laini baada ya maembe na juisi nyingi ni sukari ya matunda isiyofyonzwa, nacho si usafi wa tumbo.

Kizunguzungu ukisimama: kaa, kunywa maji yenye chumvi kidogo, kula ndizi au yai. Ukitetemeka, ukitoka jasho baridi au moyo ukienda mbio, siku ya juisi imeishia hapo. Kuhara mara tatu au zaidi, pamoja na homa au damu, nenda kituo cha afya. Choo cha maji meupe kama ya kuoshea mchele ni dalili ya kipindupindu: ondoka saa hiyohiyo huku ukinywa ORS njiani, au vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta, kwenye lita moja ya maji safi.

Siku ya tano

Fungua kwa papai na uji mwepesi, mchana supu ya mboga na kiazi kitamu, jioni rudi kwenye mlo wako wa kawaida wa wiki hii. Pilau na nyama choma asubuhi yake hukaa tumboni na kuleta kiungulia. Wiki ikiisha, endelea na bakuli la kachumbari kila mchana na tunda zima badala ya glasi ya juisi. Ukiamua kuendelea miezi kadhaa bila nyama, samaki, mayai wala maziwa, nunua vidonge vya B12 mapema. Akiba ya ini huisha taratibu, na ganzi ya miguu ikianza, uharibifu wa neva unaweza usirudi nyuma wote.