Siku 14 za kihisi kimoja: mwongozo kwa mwenye kisukari wa Lubumbashi

Wengi wetu tunaotumia insulini hapa Lubumbashi hatuwezi kuvaa kihisi cha sukari mwaka mzima, nami ni mmoja wao. Kihisi kimoja cha aina ninayoizungumzia hapa huvaliwa siku 14 kisha hutupwa, na bei yake ni mzigo mzito kwa mtu anayelipa kutoka mfukoni mwake. Ndiyo maana mwongozo huu unaeleza namna ya kuvaa kihisi kimoja, tuseme mara moja kila baada ya miezi michache, na kukifanya kikufundishe yale ambayo tone la damu la kidoleni haliwezi kukuonyesha. Muda huo si mdogo kama unavyoonekana. Makubaliano ya kimataifa ya wataalamu wa kisukari ya mwaka 2019 yaliona kwamba vipimo vya siku 14, mradi angalau asilimia 70 yake visipotee, vinatoa picha nzuri ya mwenendo wa sukari wa miezi mitatu. Kazi yako ni kuhakikisha siku hizo hazipotei bure.

Kihisi, ambacho wengi hapa hukiita kapteri kwa kufuata Kifaransa, ni kidude cha mviringo kinachobandikwa nyuma ya mkono, kati ya bega na kiwiko. Chini yake kuna uzi laini wa milimita 5 hivi unaokaa ndani ya ngozi. Mama yangu alipokiona mara ya kwanza aliniuliza, "Mwanangu, hicho kitu kinakunywa damu?" Nilimweleza kwamba damu hakiigusi. Kinapima sukari iliyo katika majimaji yanayozunguka seli za mwili, na sukari hiyo hupita kwanza kwenye damu ndipo ifike huko. Kwa sababu hiyo namba ya kihisi huchelewa, kwa kawaida dakika 5 hadi 15, nyuma ya namba ya kidole. Ukilishika jambo hili moja vizuri, utaepuka makosa mengi ya hatari.

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha kwamba simu yako inaweza kukisoma kihisi kwa kukigusa, yaani iwe na NFC, au ununue na kisomaji chake. Kisha uliza kuhusu vizio. Kihisi changu cha kwanza kililetwa na shemeji yangu kutoka Afrika ya Kusini pamoja na kisomaji, na kule sukari hupimwa kwa milimoli, si kwa miligramu kama tulivyozoea. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ambaye macho yake yamezoea 140 au 210 ya kipimo cha kidole, aliona 12 kwenye kioo, akaogopa kwamba naanguka, akaenda kukoroga maji ya sukari. Namba hiyo ilikuwa sawa na miligramu 216 kwa desilita, na maji yale yangeniongezea madhara. Ukiona milimoli, zidisha kwa 18: 3.9 ni 70, na 10 ni 180. Iandike hesabu hiyo kwenye karatasi, uibandike mahali ambapo kila mtu wa nyumbani ataiona.

Joto nalo huharibu kihisi ambacho bado kimo ndani ya boksi. Kiwango kinachoruhusiwa kimeandikwa nje ya boksi, na kikomo cha juu kwa aina nyingi ni kati ya nyuzi 25 na 30. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijashika, mchana wa Lubumbashi hupita nyuzi 30, na ndani ya gari lililosimama juani joto huwa kali zaidi. Anayekuletea kihisi kwa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, asikiweke juu ya dashibodi wala kwenye mzigo wa juu ya basi. Nyumbani, sehemu ya chini ya chumba chenye kivuli inafaa, na friji pia inafaa iwapo boksi halikai karibu na barafu.

Chagua wiki mbili za kawaida. Mimi hupendelea kuanza wiki moja kabla ya mshahara na kumaliza wiki moja baada yake, kwa sababu chakula cha nyumba yangu katika wiki hizo mbili hakifanani, na nilipovaa kihisi katika wiki ya mshahara peke yake kilinipa picha isiyo ya maisha yangu.

Wakati wa kukibandika, tumia mkono ambao huulalii. Safisha ngozi kwa alkoholi, uiache ikauke kabisa, na usipake mafuta asubuhi hiyo. Epuka makovu, na usiweke karibu na mahali unapochoma insulini. Ukitokwa jasho sana, ongeza plasta ya kitambaa kuzunguka kingo, lakini usizibe kile kitundu kidogo cha katikati kama aina yako inacho. Fikiria pia usafiri wako. Kihisi changu cha pili kilibanduka siku ya tano kwa kugonga mlango wa taksibisi nikishuka sokoni Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, na siku tisa zilizobaki zikapotea. Tangu hapo hushuka nikitanguliza bega la upande mwingine, na nikimbeba mtoto humweka upande huo pia.

Baada ya kukiwasha, aina kama FreeStyle Libre 2 husubiri dakika 60 kabla ya kutoa namba. Siku nzima ya kwanza iwe siku ya kulinganisha tu: soma kihisi, pima kidole, andika namba zote mbili. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Usipange dozi kwa namba ya siku hiyo bila kidole. Kihisi cha aina hiyo kinatunza vipimo vya saa 8 peke yake, kwa hiyo ukikaa saa 10 bila kukigusa kwa simu, saa 2 zimefutika na hazirudi. Umeme unapokatika jioni nzima, simu ikizimika, kihisi chenyewe kinaendelea kufanya kazi mkononi. Kinachohitajika ni kuchaji simu kwa jirani au kwenye kibanda kabla saa 8 hazijatimia. Soma unapolala na mara unapoamka, hata kama huna hamu ya kuona namba.

Namba bila mshale ulio kando yake kwenye kioo, unaoonyesha sukari inaelekea wapi, ni nusu ya habari. Sukari ya 110 yenye mshale uliolala haina shida, lakini 110 yenye mshale ulionyooka kwenda chini inamaanisha kwamba sukari inashuka kwa zaidi ya miligramu 2 kila dakika, na baada ya dakika 20 unaweza kuwa chini ya 70. Ukiwa unapanda pikipiki wakati huo, mwambie dereva asimame.

Sukari ikishuka chini ya 70, kula au kunywa gramu 15 za sukari inayofyonzwa haraka: vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, au nusu ya chupa ya soda ya sentilita 30, isiwe ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, kisha pima kidole. Usimtegemee kihisi hapa, kwa maana damu itakuwa imeshapanda huku chenyewe kikiendelea kuonyesha 62, nawe kwa hofu utakunywa tena na tena hadi ufike 280. Vilevile, ukitetemeka na kutokwa jasho la baridi huku kihisi kinasema 105, amini mwili, pima kidole. Na usiku, ukilalia mkono wenye kihisi, kinaweza kuonyesha sukari ya chini ambayo haipo, kwa sababu ngozi imebanwa. Geuka, subiri kidogo, pima kidole kabla hujamwamsha mtu.

Sasa sehemu ninayoithamini kuliko zote, yaani chakula. Anza na kile unachokula mara nyingi, ambacho kwa nyumba nyingi za hapa ni bukari wa unga wa mahindi. Siku ya kwanza ya jaribio hili kula kama kawaida yako, ila tumia sahani ileile na kiasi unachoweza kukirudia kesho. Soma kihisi kabla ya tonge la kwanza, kisha baada ya saa 1, saa 2 na saa 3. Siku ya pili weka kiasi kilekile cha bukari na dozi ileile, lakini anza kwa sombe, yaani majani ya muhogo, na ndakala, wale samaki wadogo, ukae dakika 10, ndipo uguse bukari. Siku ya tatu rudia mpangilio wa siku ya kwanza, halafu utembee taratibu dakika 20 baada ya kula. Badilisha jambo moja kwa siku, kwa sababu ukibadilisha mawili hutajua lipi limesaidia. Kwangu mimi, kuanza na mboga kulishusha kilele kutoka karibu 260 hadi karibu 205, kwa chakula kilekile na gharama ileile. Hakuna daktari angeweza kuniambia namba hiyo, maana ni ya mwili wangu. Wako utakuwa na yake.

Kihisi hicho hicho ndicho kilichonionyesha kosa la miaka mingi. Wengi wetu tunatumia insulini ya kawaida, ile ya binadamu, ambayo huanza kufanya kazi baada ya nusu saa hivi, hupata nguvu yake kubwa kati ya saa 2 na saa 4, na huweza kuendelea hadi saa 8. Mimi nilikuwa nachoma na kula papo hapo. Mchoro ukanionyesha mlima mrefu baada ya chakula, kisha bonde la ghafla saa 4 baadaye, wakati insulini bado ina nguvu na chakula kimekwisha. Nilimwonyesha daktari wangu, akaniagiza nirudi kwenye kanuni ya kuchoma dakika 30 kabla ya kula, na bonde likapungua. Kwa sababu hiyohiyo usichome dozi nyingine kila unapoona namba kubwa. Macho yanayoona sukari kila dakika yana haraka kuliko insulini, na dozi zinazorundikana ndizo zinazoangusha watu usiku.

Jaribu pia vinywaji. Munkoyo huchukuliwa na wengi kuwa kinywaji chepesi kwa kuwa ukiwa mpya haulevi, lakini hutengenezwa kwa unga wa mahindi na mara nyingi huongezwa sukari. Kikombe kimoja peke yake, mbali na chakula, kitakuonyesha ukweli wake. Embe za wakati wa mvua zipimwe kwa namna hiyohiyo. Na wakati wa baridi ya mwezi wa sita na wa saba, watu wanapokunywa vidonge vya vitamini C vya kuyeyusha kwenye maji, kumbuka kwamba zaidi ya miligramu 500 kwa siku zinaweza kukifanya kihisi cha Libre 2 kionyeshe sukari kubwa kuliko ilivyo.

Angalia alfajiri zako. Sukari ikipanda yenyewe kabla hujaamka, bila kushuka kwanza, mara nyingi ni homoni za mwili zinazojiandaa kwa siku. Ikiwa imeshuka usiku wa manane kisha ikapanda, hilo ni jambo jingine, na tiba yake si ileile. Kidole cha asubuhi peke yake hakiwezi kutofautisha mambo haya mawili, kwa hiyo mpelekee daktari mchoro wa usiku kabla ya kugusa dozi ya jioni.

Watu watauliza, kanisani, kazini, ndani ya basi. Mimi hujibu kwa sentensi moja kwamba ni kipimo cha sukari, na mtoto akitaka kukigusa namwachia akiguse taratibu. Ukipelekwa kupigwa picha ya MRI, mwambie mhudumu mapema, kwa kuwa huenda kikalazimika kutolewa.

Siku ya 14, kabla programu haijakifunga, piga picha ya muhtasari. Tazama kwanza muda uliokaa kati ya 70 na 180: kwa watu wazima wengi lengo ni zaidi ya asilimia 70, karibu saa 17 kwa siku. Muda ulio chini ya 70 usizidi asilimia 4, yaani kama saa moja kwa siku, na ule ulio chini ya 54 usifike asilimia 1. Wazee na walio dhaifu huwekewa malengo mengine na daktari wao. Muhtasari huu una faida ya pekee kwa mwenye selimundu, mwenye upungufu wa damu au aliyeongezewa damu karibuni, kwa sababu kipimo cha HbA1c, kile cha damu kinachokadiria wastani wa sukari wa miezi mitatu, kinaweza kumdanganya.

Kukitoa, paka mafuta ya kula kwenye kingo, subiri dakika chache, kisha bandua polepole. Kitie katika chupa ngumu yenye kifuniko pamoja na sindano zako zilizotumika. Kabla ya kurudia maisha ya kidole, andika kwenye daftari zile saa ambazo kihisi kimekuonyesha kuwa za hatari kwako, ili vipande vichache vya kupimia ulivyo navyo vitumike hapo kwanza. Kwangu zilikuwa mbili: saa 2 baada ya chakula cha jioni, na usiku wa manane baada ya siku ambayo nimetembea sana kwa miguu.