Kupanga nyumba Tanga ukiwa bado nje: uliza unaingia na shilingi ngapi

Ukimuuliza dalali wa Tanga bei ya nyumba, atakutajia kodi ya mwezi. Muulize tena: naingia na shilingi ngapi? Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi 6, wengine ya mwaka mzima, na dalali naye anachukua ya mwezi mmoja. Kwa hiyo nyumba ya 300,000 ni 2,100,000 siku ya kukabidhiwa funguo, na hapo hujanunua hata ndoo. Miezi 3 inaombeka, hasa kama nyumba imekaa tupu muda mrefu. Omba bila haya.

Akikutajia dola kwa sababu amesikia uko Uingereza, kataa. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutoza bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni.

Raskazone ni kutulivu, upepo wa bahari unaingia hadi ndani, na Hospitali ya Bombo haiko mbali. Kama unampangia mzazi aliyezeeka, hilo peke yake linatosha kuongeza dau. Ngamiani bei inashuka na soko liko jirani, ila nyingi ni nyumba za vyumba: ua mmoja, choo kimoja.

Ugomvi mwingi unaanzia kwenye umeme. Hakikisha nyumba ina LUKU yake, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Mkichangia mita, mwenye friji na mwenye taa mbili watadaiwa sawa, na manung'uniko hayaishi. Hata ukiwa na mita yako, ukinunua umeme utakatwa kodi ya jengo, 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hilo ni deni la mwenye nyumba. Elewaneni alipunguze kwenye kodi yako ya pango, na liandikwe kwenye mkataba.

Usitume pesa kwa kuona picha za WhatsApp. Mtume ndugu unayemwamini afungue bomba la jikoni asubuhi na jioni, atikise nondo za madirisha maana chumvi ya bahari inazila, atazame madoa ya masika kwenye dari. Habari za maji amuulize jirani, dalali atasema yapo tu. Akiridhika, aende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla ya kusaini: yeye ndiye anayejua kama huyo anayepokea kodi ni mwenye nyumba kweli, au ni mmoja wa warithi ambao bado wanagombania mirathi. Pesa ipitie benki, kwa jina lililo kwenye mkataba.